Anza na tairi, injini itasubiri

Kijana akija gereji kujifunza, kitu cha kwanza anachokitamani ni kufungua injini. Anataka aone pistoni, ashike krenki. Hakuna ubaya, ila aliyeanzia huko mara nyingi huishia kuwa mbadilisha vipuri: anajua kipi kinatoka na kipi kinaingia, lakini hajui gari linafanya nini likiwa barabarani. Wanaounda magari ya mashindano huanzia upande mwingine. Huuliza kwanza tairi linahitaji nini, ndipo springi, shokapu, breki na injini vipangwe kulitumikia. Kwa sisi tunaohangaika na Probox, Noah, Hiace na Land Cruiser kwenye vumbi la Tabora, mpangilio huo ndio umewafaa wanafunzi wetu, na hesabu zake hazizidi za kidato cha tatu.

Chukua Probox ya kilo 1,200 pamoja na dereva. Kila tairi linabeba wastani wa kilo 300, yaani nguvu ya nyutoni 2,940 hivi. Upepo wa psi 30 (pauni kwa inchi ya mraba) ni sawa na kilopaskali 207. Gawanya nguvu kwa mgandamizo, unapata sentimita za mraba kama 142, eneo la kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole. Viganja vinne, basi. Kila nguvu ya kulisukuma gari, kulikunja au kulisimamisha lazima ipite hapo, uwe na injini ya ukubwa wowote.

Kwenye lami kavu, tairi la kawaida linaweza kushika kwa nguvu ya asilimia 80 hadi 100 ya uzito linaoubeba. Kwenye changarawe legelege hushuka hadi asilimia 50 au 60. Sliki za mashindano (matairi yasiyo na mikato) zikishapata moto huweza kuvuka asilimia 150. Sasa piga hesabu ya kusimama. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Kwenye lami yenye mshiko wa asilimia 80 unahitaji mita 25 na nusu tangu breki zishike. Kwenye changarawe ya asilimia 50 unahitaji mita 41. Ongeza mita 20 za ile sekunde moja dereva anayoshtukia hatari. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa breki zenyewe unaongezeka mara nne, kwa sababu mwendo kwenye hesabu hii unazidishwa wenyewe kwa wenyewe. Dereva wa mchomoko anayesema gari lake lina breki kali akimbizane na hesabu hiyo aone.

Kuna mambo mawili ya tairi ambayo vitabu hueleza kwa michoro mirefu, lakini gereji yanaelezeka kwa chaki sakafuni. La kwanza ni kwamba mshiko ni mmoja na matumizi ni mengi. Ukitumia asilimia 80 ya mshiko kwa breki, wa kukata kona hubaki asilimia 60 (ni Pythagoras yule yule: 0.8 kwa 0.8 jumlisha 0.6 kwa 0.6 ni 1). Ukibana breki zote, kwa kona hakubaki kitu. Usukani unageuka, gari linanyooka porini. La pili ni kwamba tairi likiongezewa uzito maradufu, mshiko wake unaongezeka lakini haufiki maradufu. Matairi mawili yanayogawana mzigo sawa yanashika kuliko mawili ambayo moja limeelemewa na jingine linaelea. Hapo ndipo ilipo sababu ya magari ya mashindano kuwa ya kimo cha chini na mapana, na ya gari lenye magunia kwenye keria kuwa tabu kwenye kona hata kama lina nguvu.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi. Kila joto linapopanda nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo unapanda karibu psi moja, kwa hiyo anayepima saa nane mchana baada ya safari na kupunguza "ulichozidi" atakuwa na tairi lenye upepo mdogo kesho yake. Ulaji wa tairi nao unasomeka. Likiisha katikati, upepo ulizidi. Likiisha pande zote mbili, ulipungua. Likiisha upande mmoja, tafuta kwenye kemba (gurudumu kulala ndani au nje) au to-in (magurudumu kutazamana kwa mbele). Likiwa na mabonde mabonde mzunguko mzima, shokapu imekufa au beringi inacheza.

Gari likifunga breki, uzito unahamia mbele, na kiasi chake kinajulikana: uzito wa gari, zidisha kwa ukali wa breki, zidisha kwa kimo cha kitovu cha uzito, gawanya kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Probox ina milimita 2,550 kati ya ekseli. Tuchukue kimo cha kitovu kuwa sentimita 55 na breki za 0.7 ya mvutano wa dunia. 1,200 mara 0.7 mara 0.55 gawanya kwa 2.55 ni kilo 181. Kama gari limesimama mbele kuna kilo 660 na nyuma 540, kwenye breki mbele kunakuwa na 841 na nyuma 359. Ndiyo maana diski kubwa zinakaa mbele, na nyuma kuna drum ndogo zinazotosha.

Sasa mwenye gari anakuja anataka linyanyuliwe. Barabara za kuchepuka kwenda vijijini Uyui na Sikonge zina mapito ya maji, ombi lake linaeleweka. Fundi anaweka spesa za sentimita 5 mbele na nyuma, kazi imeisha, pesa imelipwa. Kilichobadilika ni zaidi ya kimo. Kitovu kimetoka 55 kwenda 60, uzito unaohama umeongezeka asilimia 9, mbele na pembeni. Sivi jointi (viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu) zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi, buti za mpira zinachanika, vumbi linaingia kwenye grisi, na baada ya muda unasikia kta-kta-kta ukikata kona. Tairodi (chuma kinachosukuma gurudumu ligeuke) na mkono wa chini navyo vinafanya kazi kwa pembe kali zaidi, hivyo gurudumu likipita shimo, tairi linaweza kujigeuza lenyewe na usukani ukacheza mkononi. Anayetaka kimo kwa haki abadilishe tairi liwe na ubavu mrefu kidogo kwanza, na spesa isizidi sentimita 2 au 3, kisha alaimenti (mkao wa magurudumu) ipimwe upya. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau.

Kuhusu springi na shokapu, barabara za vumbi ni maabara ya bure. Kila mtu anayeendesha kwenye makunyanzi (yale matuta madogo yanayofuatana barabarani) amesikia ushauri: ukienda 30 gari linakufa kwa mtetemo, ukienda 60 linatulia. Ushauri una ukweli wake, na sababu yake inapigwa hesabu. Makunyanzi yakiwa na nafasi ya sentimita 70, gari la kilomita 30 kwa saa linayakanyaga mara 12 kwa sekunde. Gurudumu lenyewe pamoja na habu yake, likining'inia kati ya tairi na springi, lina mdundo wake wa asili wa mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Midundo miwili imekutana, gurudumu linarukaruka vibaya kuliko mwendo mwingine wowote. Kwenye 60 makunyanzi yanagonga mara 24 kwa sekunde, gurudumu haliwezi kufuata kila bonde, linapita juu ya vichwa. Bodi linatulia kweli. Ila tairi linaloruka kutoka kichwa hadi kichwa linagusa ardhi nusu nusu, na mshiko nao ni nusu nusu. Dereva anajisikia raha wakati ule ule ambao hana breki wala usukani wa kutegemea. Hapo ndipo gari linaweza kupinduka hata kwenye njia iliyonyooka.

Bodi lina mdundo wake tofauti, wa polepole. Kona moja ya gari ikibeba kilo 300 na springi ikiwa na ugumu wa nyutoni 20 kwa kila milimita, chukua kipeuo cha pili cha 20,000 gawanya kwa 300, gawanya tena kwa 6.28: mara 1.3 kwa sekunde. Ni mwendo ambao mwili wa mtu unaustahimili. Gari la mashindano ya lami linapangwa juu ya 2, na la Formula 1 juu zaidi, kwa sababu kule hofu ni bodi kucheza na kuharibu upepo unaolikandamiza chini. Sasa pakia nyuma magunia ya mpunga mpaka kila kona iongezewe kilo 150. Mdundo unashuka hadi 1.06, na springi inazama milimita 74. Mara nyingi hiyo ndiyo nafasi yote iliyokuwepo kabla ya kugonga raba ya mwisho. Likigonga, springi haipo tena. Mshindo unakwenda moja kwa moja kwenye bodi, na ndipo maungio ya chasi yanapoanza kupasuka.

Springi haifuti nguvu, inaiweka na kuirudisha. Anayeifuta ni shokapu, kwa kusukuma oili kwenye vitundu vidogo na kugeuza mwendo kuwa joto. Baada ya nusu saa ya makunyanzi, oili imepata moto na kuwa nyepesi, na kwenye shokapu za bei rahisi zisizo na gesi hutoa povu. Povu linapita kwenye kitundu bila ukinzani. Shokapu hiyo ikipoa jioni utaipima kwa kubonyeza boneti na itaonekana nzima. Njia bora ni kuishika kwa mgongo wa mkono mara tu gari likirudi kutoka barabara ya vumbi, kwa tahadhari kwa kuwa huungua: ile ambayo haijapata moto wakati wenzake wanachoma, haifanyi kazi. Kuvuja oili ni dalili ya wazi, lakini usihesabu unyevu mwembamba wa vumbi kuwa ni kuvuja. Tafuta oili inayotiririka.

Sasa alaimenti kwa uzi. Watu huiona ya kizamani, kumbe timu nyingi za mashindano bado hupima kwa uzi kwenye viwanja, kwa sababu mfuko mmoja unabeba vifaa vyote na kipimo hakihitaji umeme. Unahitaji sakafu ya zege iliyosawazishwa, mabomba mawili marefu kuliko upana wa gari, uzi wa mwashi, stendi nne na rula ya chuma.

Kwanza nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, tairodi au reki endi imekwisha. Shika juu na chini. Likicheza hapo, ni bolijointi au beringi. Usipime gari lenye mchezo, utakuwa unapima uchakavu. Lishushe, sawazisha upepo, bonyeza gari juu chini mara kadhaa, lisukume mbele mita chache litulie, usukani unyooke na ufungwe usihame.

Kata alama kwenye mabomba yote mawili kwa nafasi ile ile kabisa, bomba moja likae mbele ya gari na jingine nyuma, yote kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Funga uzi toka alama hadi alama, kushoto na kulia. Kwa kuwa alama zinalingana, nyuzi ziko sambamba. Sasa sogeza mabomba pembeni kidogo kidogo mpaka umbali kutoka uzi hadi katikati ya kofia ya gurudumu uwe sawa kushoto na kulia kwa ekseli ya mbele, kisha sawa kushoto na kulia kwa ya nyuma. Ekseli mbili si lazima zilingane zenyewe kwa zenyewe, maana magari mengi upana wa mbele na wa nyuma hautoshani. Hatua hii inakula muda kuliko nyingine zote, na anayeiharakisha amepoteza kazi.

Baada ya hapo pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Pima kwenye rimu, usipime kwenye mpira, kwa sababu ubavu wa tairi hauko sawa. Ukingo wa mbele ukiwa mbali na uzi kuliko wa nyuma, gurudumu limetazama ndani. Hiyo ndiyo to-in. Kwa gari la kawaida linalovuta kwa mbele, jumla ya magurudumu mawili iwe kati ya 0 na milimita 2, na kitabu cha gari kikisema vingine, fuata kitabu. Ukishuku rimu imepinda, zungusha gurudumu nusu mzunguko upime tena. Kurekebisha, legeza nati ya kufungia tairodi, zungusha kushoto na kulia kwa kiasi kile kile. Anayezungusha upande mmoja tu atapata namba nzuri na usukani uliokaa upande. Kila ukirekebisha, lirudishe gari nyuma kisha mbele mita chache kabla ya kupima, maana matairi yaliyoshika sakafu yanakudanganya. Kipimo cha mwisho kichukuliwe gari likiwa limetoka kusukumwa mbele.

Faida yake? Gari lenye milimita 5 za ziada, yaani 2.5 kila upande kwenye rimu ya inchi 14, kila tairi linakwaruzwa kwa pembeni mita 6 na nusu kwa kila kilomita. Toka Tabora hadi Nzega ni zaidi ya kilomita 100. Tairi limeburutwa pembeni zaidi ya mita 650 safari moja, na mwenye gari analaumu duka la matairi.

Breki nitazipitia haraka. Gari la kilo 1,200 likiwa kilomita 100 kwa saa lina kilojuli 463, na kusimama ni kuzigeuza zote kuwa joto. Diski mbili za mbele za kilo 5 kila moja zikipokea theluthi mbili ya hapo, zinapanda nyuzi kama 65 kwa kusimama mara moja. Mara moja si kitu. Kwenye mashindano ni kona baada ya kona, na diski za kaboni za Formula 1 hufika nyuzi 1,000. Kwetu kinachoua ni mafuta ya breki ya zamani. DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205 au zaidi, lakini hunyonya unyevu hewani, na yakishanyonya kiwango chake kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyezeka, pedali inakwenda hadi chini. Badilisha kila miaka miwili, na kopo lililokaa wazi stoo lisitumike.

Ndipo tunafika kwenye injini. 1NZ-FE, inayokaa kwenye Probox na IST nyingi, ina kipenyo cha silinda milimita 75 na mwendo wa pistoni milimita 84.7. Mwanafunzi akokotoe mwenyewe: silinda moja ni sentimita za ujazo 374, nne ni 1,497. Mgandamizo ni 10.5 kwa 1, kwa hiyo nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni 374 gawanya kwa 9.5, sentimita za ujazo 39 tu. Kwenye mizunguko 6,000 pistoni inakwenda wastani wa mita 17 kwa sekunde. Injini za Formula 1 za lita 1.6 zilizoanza 2014, zenye mwendo wa milimita 53, zikiwa kwenye mizunguko 12,000 zinafika mita 21. Tofauti ni ndogo kuliko kelele zinavyoashiria. Chuma kina kikomo chake popote kilipo.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa asilimia 11 kuliko Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Kigoma, ziwani, kwenye mita 770 na kidogo, hasara ni asilimia 7. Kwa hiyo gari lililotoka pwani likionekana zito, usikimbilie kusafisha nozeli.

Injini hiyo kwenye mizunguko 6,000 inavuta lita 4,500 za hewa kwa dakika. Zikiwa na vumbi la Tabora, ea klina ndiyo uhai wake. Magari ya Safari Rally nchini Kenya hufungwa snokeli (bomba la kuvutia hewa kutoka juu), kwa ajili ya maji na pia lile vumbi laini linalofunika magurudumu. Kwako wewe, puliza ea klina kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kwa kompresa nzima unatoboa karatasi usione. Iweke kivulini uangalie kwa taa kutoka ndani. Na ukague ukingo wa mpira: vumbi likiwa upande wa boksi unaokwenda injini, hewa inapita pembeni na kichujio kizuri hakisaidii.

Kingine ni themostati kutolewa na kutupwa. Tabora maji yasiyo na mgandamizo huchemka nyuzi 96. Kofia ya rejeta iliyo nzima, ya mgandamizo wa ba 1.1, inayapandisha hadi karibu 120, kwa hiyo kofia mbovu ni ugonjwa mkubwa kuliko themostati. Isitoshe, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, na gari ulilotaka lipoe linachemka mlimani. Kwenye tambarare linabaki la baridi na kula petroli. Ipime kwenye sufuria yenye kipimajoto: ianze kufunguka nyuzi 82 hivi, na maji yasianze kuchemka haijafunguka vizuri. Isipofunguka, nunua nyingine.

Mwisho wa kila zoezi magurudumu yanarudi, na nati za Probox hukazwa nyutoni-mita 103. Kama huna spana ya kupimia, spana ya urefu wa sentimita 35 inataka uzito wa kilo 30 mwishoni mwake. Bonyeza mizani ya bafuni mara chache mpaka mkono uujue. Kaza kwa kuvuka, nati moja na ya upande wa pili yake, gurudumu likiwa limegusa ardhi. Gari likishatembea kilomita 50 hadi 100 lirudi, nati zikazwe tena.